Diski ikijaa, msisingizie mtandao

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu hii "mtandao hakuna" tunayoambiwa madirishani. Mara nyingine mtandao ni mzima. Kilichokwisha ni nafasi kwenye diski ya seva kuu, na aliyeimaliza ni seva ya akiba iliyowekwa ili iwe msaada.

Chukua PostgreSQL, programu ya kanzidata (hifadhi ya data za mfumo). Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye mafaili ya folda ya pg_wal, kila moja MB 16, na seva ya akiba huyavuta na kuyarudia kwake. Ikiunganishwa kwa sloti, yaani alama ya pale akiba ilipofikia, seva kuu haifuti faili lolote ambalo akiba haijalipokea. Piga hesabu: faili moja kwa dakika, nafasi iliyobaki GB 60. Akiba ikizimika Ijumaa saa kumi na moja jioni, diski inajaa Jumatatu saa tatu asubuhi, foleni ya wateja ikiwa imeshafika mlangoni. Hapo kanzidata inasimama yenyewe.

Kuna mafundi hukimbilia kufuta mafaili ya pg_wal kwa mkono. Msithubutu! Huenda hayo hayo ndiyo kanzidata inayahitaji ili iamke. Ongezeni diski, washeni kanzidata, kisha tazameni orodha ya sloti, pg_replication_slots: sloti ambayo active yake ni "f" (haitumiki) na restart_lsn (mahali ambapo mafaili bado yanahitajika kuanzia) imebaki nyuma ndiyo inayozuia. Kama akiba hiyo hairudi leo, futeni sloti yake kwa pg_drop_replication_slot. Nafasi hurudi chekipointi ikipita, yaani kanzidata ikishahifadhi mabadiliko yake kwenye diski.

Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 kuna max_slot_wal_keep_size, mpangilio wa kikomo cha mafaili ya pg_wal ambayo sloti inaweza kuzuia. Huja ikiwa -1, yaani bila kikomo, na wengi huiacha hivyo hivyo, jambo ambalo kwangu ni uzembe. Kwa diski ile ya juu, GB 20 zinatosha, na si lazima kuzima seva, amri ya kusoma upya mipangilio, pg_reload_conf(), inamaliza. Kikomo kikivukwa, mafaili hayo hufutwa na akiba itajengwa upya kwa pg_basebackup, yaani kwa kunakili kanzidata nzima. Ni usumbufu, ila wateja wanaendelea kuhudumiwa.

Wanaotaka akiba ithibitishe kila muamala wawe nazo mbili na waandike ANY 1 (yoyote moja ikithibitisha inatosha) kwenye mpangilio wa synchronous_standby_names. Ikiwa moja tu nayo ikazimika, kila malipo yatabaki yakisubiri.

Wakuu wa taasisi, kabla ya kusaini mkataba wa mfumo, mwulizeni mkandarasi: kikomo cha sloti ni GB ngapi, na nani hupigiwa simu diski ikifika asilimia 70?

Msimamizi wa kanzidata,
Dodoma