Mhariri, hevi metali siyo kelele, sikilizeni gitaa la pili

Salaam Mhariri na wasomaji wenzangu. Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa burudani iliyosema hevi metali, yaani ule muziki wa roki wa magitaa mazito, ni kelele za watu waliochanganyikiwa, eti haina melodi, yaani sauti tamu ya kuimbika, na sisi Waafrika haituhusu. Nimeisoma mpaka mwisho na imeniuma kwelikweli, maana huo ndo muziki ninaousikiliza kila siku kwenye daladala toka Mbagala mpaka Kariakoo na jioni pia wakati wa kurudi, na kilichonikamata kwenye huu muziki ni melodi yenyewe, siyo kitu kingine.

Nitatoa mfano wa mtu mmoja, tukianza kutaja bendi zote tutakesha. Mark Tremonti. Wengi wenu mshamsikia hata kama jina hamlijui, ndo mpiga gitaa wa Creed, ile bendi ya Florida ambayo albamu yao ya Human Clay ya mwaka 1999 imeuza Marekani peke yake zaidi ya nakala milioni 10. Ule wimbo wao wa With Arms Wide Open, wa baba anayesubiri mtoto azaliwe, uliwapa yeye na mwimbaji Scott Stapp tuzo ya Grammy mwaka 2001. Sasa mtu huyohuyo aliyepiga ule wimbo wa upole tangu ujana wake anapenda metali ya kasi, bendi kama Metallica, Slayer na wenzao, ila Creed haikuwa na nafasi ya mambo hayo. Hata bendi ya Alter Bridge aliyoianzisha 2004 na akina Myles Kennedy, mwimbaji wake, pamoja na uzito wake, siyo muziki wa mbio namna ile. Ndo akaunda bendi ya pembeni kwa jina lake mwenyewe, Tremonti, na safari hii akaimba yeye. Albamu ya kwanza ikatoka 2012, ya pili, Cauterize, ikatoka Juni 2015.

Hiyo ya pili ndo nataka mwandishi wenu aisikilize. Kwa masikio yangu ni nzito kuliko ya kwanza. Wimbo wa kwanza, Radical Change, unaingia na drams za mbio na magitaa yamelegezwa nyuzi yakashuka chini kabisa, ukiishia sekunde za mwanzo utasema kweli hizi kelele. Ila subiri kiitikio. Kinapofika sauti inapanda inafunguka na wenzake wanaitikia nyuma, Wolfgang Van Halen ndo yuko kwenye besi na yeye ni mmoja wa hao waitikiaji, yaani unaweza kukiimba bafuni kesho yake asubuhi bila shida. Flying Monkeys inaenda polepole, nzito kama gogo, na hapo ndo nilielewa ule uzito unafanya kazi gani: magitaa yakikaa chini kule, juu panabaki wazi, mwimbaji anapata nafasi ya kutembea. Ukiondoa ule uzito kiitikio chenyewe kinapungua nguvu. Nyimbo ziko 10 tu na hakuna hata moja ninayoiruka, na kwenye kurekodi walifanya nyimbo nyingi kwa mkupuo kiasi kwamba albamu ya tatu, Dust, ikatoka mwaka uliofuata kutoka kazi ileile.

Halafu hili la kwamba haituhusu. Mhariri, hapa Dar tumelelewa na magitaa! Bendi za dansi kama Msondo, Sikinde, Matimila ya Remmy Ongala, kote huko kuna mpiga solo, kuna wa rizimu, kuna na gitaa lingine linalopita katikati linajibu. Iron Maiden wa Uingereza na In Flames wa kule Gothenburg, Sweden, wanaweka magitaa mawili yanapiga melodi moja ila lingine liko juu kidogo ya mwenzake, yanatembea pamoja kama waimbaji wawili. Namna ya kupanga ni tofauti na dansi, sikatai, lakini sikio linalotakiwa ni lilelile. Baba yangu mdogo aliwahi kupiga gitaa kwenye bendi moja huko Temeke, siku moja nikampa spika ya simu asikilize kipande cha namna hiyo, nilitegemea aseme zima hilo balaa. Akaniambia rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema huyu wa pili ndo anayebeba wimbo, akachukua gitaa lake kavu akatafuta ile sauti ya pili, akakosea mara kadhaa kisha akaipata, na akawa anairudia huku akisema hawa vijana wanajua. Drams hazikumsumbua hata kidogo, kwake zilikuwa drams tu.

Na Waafrika wapo kwenye huu muziki jamani. Botswana kuna bendi kama Skinflint na mashabiki wanaovaa nguo za ngozi kichwa hadi mguu kwenye jua lile, Nairobi kuna bendi zinapiga. Hapo Zanzibar ndipo alipozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mwaka 1946, Queen haikuwa metali ila magitaa ya kupangwa sauti juu ya sauti wametufundisha wengi.

Ombi langu, Mhariri, siyo kwamba bongo fleva na singeli mziondoe, hizo zina watu wake na mi mwenyewe nazicheza. Naomba kona ndogo tu, hata mara moja kwa mwezi, ya uchambuzi wa albamu za roki na metali, na anayechambua awe ameisikiliza albamu nzima kwa hedifoni kabla hajashika kalamu. Kama mwandishi wenu yuko tayari aanze na Cauterize, na akishamaliza bado anaona haina melodi, basi aandike ni wimbo gani na sehemu gani, nitamjibu kwa barua nyingine.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam