Matajiri wa Noah, acheni maji ya kisima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari ya abiria wa Mtwara na wenzetu wa Lindi. Msimu wa korosho ukishika kasi, barabara ya Masasi haikosi Noah iliyoegeshwa pembeni, kiti cha mbele kimeinuliwa, mvuke unafuka, abiria wamejibanza chini ya mkorosho. Lawama zote ni za dereva: kajaza mno, kakimbiza. Mimi ni fundi. Magari hayo yanaletwa kwangu yakivutwa kwa kamba, na nikifungua ninachokikuta ni kutu na chumvi.

Visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na kila anayefua anajua sabuni inavyogoma kutoa povu. Maji hayo hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kwa dumu. Chumvi inakula chuma, magamba ya kutu yanazunguka na maji mpaka kwenye wotapampu, ile pampu inayosukuma maji ya kupoza injini, yanakwangua sili inayozuia maji yasivuje. Sili ikilika, maji yanapenya hadi kwenye beringi inayobeba mhimili wa pampu na kuosha grisi yake. Hapo pampu imeshakufa, bado kuzikwa tu.

Kwa kawaida haifi ghafla. Pampu ina tundu dogo ambalo wapo madereva wanaoliziba kwa gundi wakidhani ni ubovu! Limewekwa na kiwanda makusudi, ili sili ikianza kuvuja maji yatoke nje. Ukiona mchirizi mweupe au wa kutu hapo, badilisha. Ukisikia mkoromo unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, usiongeze sauti ya redio.

Kwenye IST na Vitz nyingi pampu inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo kuikagua si kazi. Ugomvi wangu na matajiri uko kwenye Noah za zamani zenye injini ya 3S. Pampu yake imejificha nyuma ya kava na inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, kwa hiyo kuifikia ni kuvua yale yale unayovua ukibadilisha mkanda. Gari likifika kilomita 100,000 namwambia tajiri tuweke na pampu mpya, ufundi ni ule ule. Jibu: "Fundi, pampu haijavuja, usinitafutie hela." Miezi michache baadaye inavuja, inalowesha mkanda mpya, na analipia ufundi mara ya pili pamoja na mkanda mwingine. Bahati ya 3S ya kawaida ni kwamba mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, gari linazima tu. Lakini kuzimikiwa kati ya Nyangao na Ndanda saa nne usiku, una abiria wenye watoto wachanga, bahati hiyo huioni.

Kulanti, ile ya kuweka kwenye rejeta, si maji ya rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Kama kopo halisemi kwamba imeshachanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri. Dukani sema wazi unataka yale ya kuongezea, usije ukapewa maji makali, hayo ni asidi. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali sana kuliko ya kisima. Ila ukichemkiwa Newala au Tandahimba uombe kwa adabu: kule juu watu wanavuna mvua na kuitunza nyumbani kwa ajili ya kunywa, nawe unataka dumu zima ukamwage kwenye rejeta inayovuja.

Pampu mpya usiinunue kwa kuangalia boksi. Itoe, zungusha puli kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, mrudishie muuzaji palepale.

Na sisi mafundi tuna yetu. Tunapaka silikoni nyingi kwenye gasketi mpaka inaingia ndani, vipande vinakatika na kwenda kuziba rejeta. Baya zaidi ni kung'oa tamostati, kile kilango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta, kila gari linapochemka. Kwenye Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi, ili injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Ukiing'oa mshale wa joto unashuka, tajiri anafurahi, injini inakula mafuta zaidi, na pampu inaendelea kuvuja vilevile. Siku likichemka kwelikweli, hedi ya aluminiamu iliyo juu ya injini inapinda, gasketi yake inaungua, oili inachanganyika na maji na kuwa kama chai ya maziwa. Bili ya hapo hailingani kabisa na ya pampu.

Kwangu, gari likija halina tamostati, hiyo ndiyo spea ya kwanza kwenye orodha. Tajiri asiyetaka kuinunua namrudishia ufunguo wake.

Fundi wa magari,
Chikongola, Mtwara