Namba kwenye listi siyo mali ya anayeshika kalamu

Mhariri, salamu kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana nina jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa sita, hili la mshika listi kuuza zamu za watu waliopanga foleni, na kila nikiliongea na wenzangu sokoni linaishia kwenye "ndo maisha hayo mama", na mimi sikubali kwamba ndo maisha.

Nina mtoto wa marehemu dada yangu yuko Marekani, mji wa Las Vegas kule Nevada, anapeleka vinywaji kwenye kasino, upande wanaochezea poka. Mimi karata sichezi na kanisani kwetu haziruhusiwi lakini alinielewesha vizuri. Anasema poka siyo kama zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo unashindana na kasino, kwenye poka wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe, hela ya huyu inaenda kwa yule, kasino inakata kidogo tu kwenye kila mchezo au inatoza kwa muda uliokaa. Meza inachukua watu 9 au 10 basi. Ikijaa unaandikisha jina kwenye listi unasubiri mtu anyanyuke, awe kachoka au kaishiwa, na wikiendi unaweza kusubiri saa nzima au mbili. Na kuna mfanyakazi kabisa kazi yake ni hiyo listi, kuandika majina, kuita majina, kuonyesha watu viti.

Sasa mwezi wa sita kanitumia voisi noti anasema mamdogo, leo nimeona jamaa kaja, mbele yake kuna watu 11, kampa yule wa listi mkono kama anamsalimia kumbe kiganjani kuna dola 20, hazikupita dakika tano jina lake likaitwa, na wale 11 wamekaa wanaangalia simu zao hawajui kitu. Akaniuliza hapo kuna kosa gani, maana huku bakshishi ni jambo la kawaida, hata mimi naishi kwa bakshishi.

Nikamjibu palepale huo ni wizi. Akasema mamdogo wizi wa nini sasa, kila aliyeko kasino kaja kwa hiari yake, wengi watapoteza hela zao usiku huohuo, atakayesubiri nusu saa zaidi kapungukiwa nini? Nikakosa jibu la maana, nikamwambia tutaongea. Jibu nililipata siku tatu baadaye nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mpunga.

Mimi nafanya biashara ya mchele. Nanunua mpunga Ubaruku na vijiji vya Usangu, nakoboa, nauzia wenye Fuso wanaopeleka Dar. Siku hiyo nilikuwa na gunia 14, nimefika mashine saa tisa alasiri, jina la mashine silitaji, na listi pale ni daftari la mistari na kalamu imefungwa na uzi kwenye msumari. Nikaandikwa namba 9. Operata akaniambia mama mpaka saa tatu usiku utakuwa umemaliza. Sawa. Umeme ukakatika kidogo ukarudi, hilo simlaumu mtu. Ila kwenye saa mbili ikaja pikapu na gunia kama 20, mwenye mzigo akaingia na operata nyuma ya lundo la pumba, wakatoka, na mara naona magunia yake yanamiminwa kwenye mashine wakati namba 6 bado kasimama mlangoni. Baada ya huyo akaja mwingine hivyohivyo, akaja wa tatu. Nikamfuata nikamuuliza, kaka mbona hawa hawapo kwenye daftari? Akasema mama hao walipiga simu asubuhi. Sasa hiyo simu aliipokea nani, iliandikwa wapi, sisi tuliokuja na miguu yetu tukakaa kwenye baridi ile ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe watu wa Mbeya, namba zetu zilikuwa za nini?

Namba 8 alikuwa bibi mmoja ana gunia mbili tu, alitaka kuuza asubuhi apate nauli na vitu vya mjukuu wake aliyechaguliwa kidato cha tano. Alijifunika kitenge akalala kwenye maturubai. Kila mashine ikizima anaamka anauliza, mwanangu ni mimi? Nami namwambia bado bibi, lala. Nilimwambia hivyo mara tatu na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mzigo wangu umetoka saa kumi alfajiri. Fuso niliyokuwa nimepatana nayo iliondoka saa nane, dereva hawezi kumsubiri mtu mmoja wakati mzigo wa wengine uko juu. Asubuhi mnunuzi mwingine akanipa bei ya chini, pungufu ya shilingi 100 kwa kilo, na mimi nilikuwa na karibu kilo 800 za mchele. Hesabu yake ni shilingi 80,000. Baadaye kuli mmoja akanong'ona kwamba wale walitoa 5,000 kila mmoja. Kwa hiyo mwenzangu katoa 5,000 na mimi nikatoa 80,000, tofauti ni kwamba yeye aliamua mwenyewe, mimi sikuulizwa.

Nikamrudia yule kijana wangu na hesabu hiyo. Nikamuuliza, huyo aliyetoa dola 20 alikuwa na haraka gani? Akanyamaza kidogo halafu akaniambia ukweli ambao mwanzo hakuusema. Anasema wanaotoa hela mara nyingi ni wale wazoefu, anachungulia mezani anaona kuna mtu ana chipu nyingi, vile vidude vya kuchezea badala ya hela, na anacheza ovyo, anajua kwamba baada ya saa moja yule atakuwa keshaisha, kwa hiyo kiti kile ni cha sasa hivi, siyo cha baadaye. Unaona sasa. Yaani wale 11 hawakupoteza nusu saa tu, wamepoteza ile meza yenyewe, watakapoitwa watakuta mwenye hela kashaondoka. Ni Fuso yangu ileile.

Na hapa ndo penye hoja yangu, Mhariri. Bakshishi siyo mbaya. Kijana anasema kule kwenye poka mtu akishinda mchezo mkubwa anamrushia chipu moja yule anayegawa karata, na hiyo mimi naona ni sawa kabisa, kazi imeshafanyika, anatoa kilicho chake, hakuna aliyerudishwa nyuma kwa ajili hiyo. Sisi pia mchele ukitoka safi hauna chenga nyingi tunamwachia operata hela ya soda, au kilo mbili akapikie watoto, na nitaendelea kufanya hivyo. Lakini ile ya kuchomekea ni biashara nyingine. Pale mshika listi anauza, na anachouza siyo chake. Kalamu kapewa na tajiri, zamu ni za watu walioandikwa. Tena mwenye mashine hapotezi chochote maana gunia ni gunia, kasino nayo haipotezi chochote maana kiti kimekaliwa, ndiyo maana hakuna bosi anayeshtuka. Hasara yote wanabeba waliokaa kwenye benchi, na wenyewe hawaoni mkono ulipopita.

Kama kuna mtu anabisha kwamba zamu ni mali ya waliopanga, ngoja nimpe ushahidi wa usiku uleule. Kwenye saa tano alikuja baba mmoja na bodaboda, ana mpunga kidogo tu kama debe mbili, wana msiba kijijini na wageni wameshafika. Huyu hakwenda nyuma ya pumba. Alikuja kwetu, akavua kofia, akasema ndugu zangu nina msiba naombeni mnipishe. Hatukujadiliana hata dakika, kila mtu akasema pita baba, pole sana, na yule bibi mwenye gunia mbili ndo wa kwanza kusema. Alikoboa akaondoka na hakuna aliyenung'unika. Mtu mmoja kaomba, kapewa na wenye nacho. Watatu wamenunua kutoka kwa asiye nacho. Nani hapo haoni tofauti?

Na hata watoto wanaijua hii. Nenda bombani asubuhi maji yakiwa ya mgao, ndoo zimepangwa, wenyewe wako darasani au jikoni, ndoo imekaa pale peke yake inamshikia mtu nafasi na hakuna anayeisogeza. Mtu mzima akijaribu atasemwa mtaa mzima.

Lazima niseme pia jambo langu mwenyewe. Miaka miwili nyuma na mimi nilitoa. Mashine nyingine siyo hiyo, nilikuwa na mzigo wa mtu na gari inapiga honi nje, nikamshikisha operata 5,000 nikapitishwa mbele ya watu sijui wangapi, sikuhesabu maana sikutaka kuwaangalia usoni. Nilijiambia wote wanafanya. Sasa najua kuna mtu siku ile gari lilimuacha kwa sababu yangu na siwezi kumpata nikamuomba msamaha, kwa hiyo naandika hapa kama yupo anasoma, ninaomba anisamehe.

Wenzangu wengine wananiambia unawaonea hao vijana, mshahara wao mdogo. Ni kweli mdogo. Hata Marekani hiyo, kijana anasema kuna majimbo ambayo sheria inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho ni kilekile tangu 1991, halafu bakshishi ndo ijazie mpaka kima cha chini. Nevada yenyewe hairuhusu hivyo, kima cha chini pale ni dola 12 tangu Julai 2024 hata kama unapokea bakshishi. Lakini ona, huyo wa listi kumbe analipwa hicho kima na bado anauza zamu. Na operata wetu kama mshahara hautoshi mwenye wa kumuongeza ni tajiri anayehesabu gunia kila jioni, siyo bibi wa namba 8. Mimi niko tayari kukoboa kwa bei iliyoongezeka kidogo kuliko kununua haki ambayo tayari nilikuwa nayo. Na tusidanganyane kwamba rushwa ni ya ofisi za serikali tu, sheria yetu ya mwaka 2007, ile ya kuzuia na kupambana na rushwa, inagusa hata sekta binafsi, mtu akipokea kitu ili apindishe kazi aliyopewa na mwajiri wake haijalishi mwajiri ni serikali au ni mwenye mashine.

Kama tajiri anataka kuwa na huduma ya haraka basi aandike bei ukutani, atoe risiti, hela iingie kwake, na sisi tujue kabla hatujashusha magunia. Nitachukia lakini nitakuwa nimejua, nitachagua kushusha au kuendelea mbele.

Ninachoomba hasa ni kidogo sana. Ubao. Ubao mweusi wa shule na chaki, uwekwe nje mlangoni, majina na idadi ya gunia na saa uliyofika, kila anayemaliza anafutwa mbele ya macho ya watu, na aliyepiga simu asubuhi basi jina lake liwe limeandikwa asubuhi hiyohiyo. Kijana ananiambia kasino nyingi kule wana skrini inayoonyesha listi na zingine unaona jina lako hata kwenye simu, na pale kwenye skrini yule wa listi anaogopa kidogo maana mtu wa nne akigeuka wa tano ghafla kila mtu anaona. Sisi hatuhitaji skrini, ubao na chaki haufiki hata nusu ya ile 80,000 yangu.

Kijana nimemuuliza kama atawaambia wakubwa wake kuhusu yule wa listi, akasema mamdogo siwezi, ana watoto na mimi ni mgeni huku. Sikumlazimisha. Nikamwambia tu basi siku mmoja wa wale waliokaa akikuuliza mbona sijaitwa, usimwambie bado lala, kama nilivyomwambia bibi.

Msimu ujao nikifika mashine yoyote kitu cha kwanza nitauliza ubao uko wapi. Kama haupo sishushi, naendelea na gari langu mpaka nipate mwenye ubao, na wenzangu wanne wa Mwanjelwa tumeshakubaliana hivyo.

Mama muuza mchele,
Mwanjelwa, Mbeya