Risala ya Wachezaji wa Ridhaa wa Pool, Manispaa ya Tabora, kwa Mgeni Rasmi katika Ufunguzi wa Raundi ya Kwanza ya Mashindano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Tabora, Waheshimiwa Madiwani, Afisa Michezo wa Manispaa, wazee wetu, wazazi, wachezaji wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wachezaji wote waliokusanyika hapa, tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali mwaliko wetu na kuitoa Jumapili yako kwa ajili ya mchezo ambao haujazoea kupata mgeni rasmi. Kufika kwako peke yake kumekwisha kutupa heshima ambayo tumekuwa tukiitafuta kwa muda mrefu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waliojiandikisha ni wachezaji 32, wanne kati yao wakiwa wanawake, na wote ni wa ridhaa. Wamo mafundi seremala, madereva wa bodaboda, wauza nafaka, walimu, wafanyakazi wa reli na wanachuo. Wametoka Isevya, Ng'ambo, Cheyo, Kiloleni, Ipuli na Gongoni, na wengine wamesafiri kutoka Urambo na Nzega kwa nauli zao wenyewe. Mechi za leo ni za mtoano: atakayetangulia kushinda fremu tano, yaani michezo mitano kamili, anasonga mbele, na jioni watabaki 16.

Tunaomba utuvumilie tueleze kwa nini raundi hii ya kwanza ina uzito kwetu kuliko hata fainali yenyewe. Mchezaji wa mitaani hukua chini ya sheria za baraza moja. Hutumbukiza koini, mipira ikashuka, akacheza na jirani zake kwa utaratibu wa anayeshinda anabaki na anayefungwa analipia fremu inayofuata, na akidumu mezani kutwa nzima huhesabiwa kuwa bingwa wa mtaa. Lakini sheria za baraza lile si sheria za baraza la pili. Kuna mahali ambapo mpira mweupe ukitumbukia mpinzani hupewa mapigo mawili, na mahali pengine hupewa moja. Kuna wanaodai kwamba shimo la mpira mweusi litajwe kabla ya kupiga, na kuna wasiojali. Kuna mtaa ambao mkono wa shati ukigusa mpira watu hucheka tu, na mtaa wa pili ugomvi huzuka. Mabingwa wa namna hiyo wakikutana bila mwamuzi, mchezo huishia kwenye mabishano, na mabishano ndiyo yaliyotuharibia jina.

Leo, kwa mara ya kwanza, mabingwa hao wote wanacheza chini ya sheria za aina moja. Tumechagua sheria za kimataifa za blackball, zenye mipira saba myekundu, saba ya njano, mmoja mweusi na mweupe wa kupigia. Tumezichapa kwa Kiswahili, tukazisoma jana mbele ya wachezaji wote, na kila aliyekuwa na swali akajibiwa kabla hajagusa fimbo. Kila meza kati ya hizi nne ina mwamuzi wake ambaye hachezi katika mashindano haya. Meza zenyewe zimepimwa kwa pima maji asubuhi hii, kwa sababu meza iliyoinama upande mmoja humnyima haki mgeni na kumpendelea mwenyeji aliyekwisha kuizoea. Kamari ya aina yoyote imekatazwa ndani ya ukumbi huu, na tutakayembaini ataondolewa hata kama anaongoza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumesikia mara nyingi ikisemwa kwamba pool ni kitu cha kuletwa juzi kisichohusiana na Tabora. Kwa heshima tunaomba kutofautiana na kauli hiyo. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi, mchezo uliozaa pool, ilichongwa kwa pembe za ndovu, na mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyobeba pembe kwenda Bagamoyo na Zanzibar, nyingi zikiwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, zikasafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York iliahidi zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, na ahadi hiyo ikamsukuma John Wesley Hyatt kufanya majaribio yaliyozaa seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo duniani. Mipira utakayoiona leo ni ya plastiki ngumu, na tunafurahi kwamba hakuna tembo aliyeuawa kwa ajili yake. Hata hivyo babu zetu waliubeba mzigo wa mchezo huu kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na wajukuu wao wana haki ya kuucheza.

Tunafahamu pia kwamba viongozi wa maeneo mbalimbali nchini wamekuwa wakipiga marufuku kucheza pool saa za kazi. Sisi tunaunga mkono katazo hilo, na ndiyo maana tumepanga raundi zote Jumapili. Tunachokiomba ni kwamba mchezo usihukumiwe kwa makosa ya saa na mahali. Shirikisho la dunia la michezo ya biliadi lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1998, lakini hapa kwetu meza karibu zote ziko kwenye baa, na binti au mwanachuo anayetaka kujifunza hana pa kwenda ambapo mzazi wake atamruhusu. Wale wanawake wanne walioko hapa wamefika kwa ujasiri wao wenyewe, na tunaamini wangekuwa wengi zaidi.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata chumba katika jengo lolote la umma, hata kiwe kidogo, ambamo tutaweka meza mbili zitakazotumika baada ya saa kumi jioni na mwisho wa wiki, bila pombe. Meza tutazitafuta wenyewe kwa michango. Tunaomba vilevile ofisi ya Afisa Michezo itushike mkono katika kusajili klabu yetu kwa mujibu wa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa.

Baada ya maelezo hayo, tunakuomba usogee kwenye meza namba moja, ambapo mchezaji wa Ng'ambo na mchezaji wa Urambo wanasubiri, uvunje mipira ya fremu ya ufunguzi na kutangaza rasmi kwamba mashindano yameanza.

Tunaomba kuwasilisha.