Kikao cha Jumamosi kuhusu umeme wa njia tatu

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Natumaini hamjambo na mnaendelea vyema na mavuno ya alizeti.

Kikao chetu kitafanyika Jumamosi hii, saa 3:00 asubuhi, ofisi ya kijiji, badala ya Jumapili tuliyokubaliana, kwa kuwa mtaalamu wa umeme kutoka wilayani atapatikana siku hiyo pekee. Laini yetu ni ya njia moja (waya mmoja wenye umeme), volti 230, inayotosha taa na kuchaji simu, lakini pampu ya kisima na mashine ya kusaga zinahitaji njia tatu (nyaya tatu zenye umeme), volti 400; ndiyo maana mashine ikiwashwa jioni, taa za zahanati hufifia hadi muuguzi anashika tochi. Jambo hili lisisubiri msimu mwingine.

1. Kila mwanachama amkabidhi mweka hazina Sh 10,000 kabla ya Ijumaa saa 12:00 jioni, kwa ajili ya kutandaza nyaya kwenye jengo la pampu, kazi itakayofanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.
2. Wenye mashamba yatakayopitiwa na nguzo waje wenyewe, wasitume watoto, maana wataoneshwa miti ya kukatwa.

Tafadhali thibitisheni hapa kwa kuandika jina na "Nitafika" kabla ya Alhamisi usiku. Wazee wasio na simu tuwapitie nyumbani.

Katibu