Mdogo wangu, mrudishe yule bibi kwenye ukoo

Mdogo wangu,

Umewaambia watu kwamba nilikuaibisha mbele ya wageni nilipobandua ukutani lile karatasi lako la mti wa ukoo, basi nami nakujibu mahali ambapo wote wataona. Sina kinyongo na wewe. Katika sisi wote, wewe peke yako ndiye uliyejali kuwatafuta watu wa Babu kule Suffolk, Uingereza. Sisi wengine tuliridhika kujua kwamba alikuja Kongwa na mradi wa karanga, mradi ukafa, yeye akabaki. Kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote. Ila ukoo hautafutwi namna ile.

Wewe ulianzia juu ukashuka. Ulimpata bwana mmoja wa zamani mwenye jina letu, mwenye mashamba na kaburi ndani ya kanisa, ndipo ukaanza kumtengenezea njia ya kumfikia Babu. Njia haikosekani ukiitaka sana. Katika vijiji vile vya Laxfield, Stradbroke na Fressingfield jina moja la ukoo linajirudia nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ina William wake na John wake. Unatakiwa uanze na unayemjua, umfuate baba na mama yake, halafu wa kwao, bila kuruka hata kizazi kimoja.

Kwa Babu mlango ulikuwa wazi kabisa. Orodha za abiria waliosafiri kutoka bandari za Uingereza kwenda nchi za mbali, mpaka mwaka 1960, zimetunzwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza. Mle mna umri wa msafiri, kazi yake na anwani yake ya mwisho, na anwani hiyo ndiyo inayokupa kijiji. Ukishapata kijiji, nenda kwenye daftari la 29 Septemba 1939, walipoandikisha raia kwa ajili ya vita. Lina tarehe kamili za kuzaliwa. Liliendelea kutumika miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwanamke aliyeolewa baada ya hapo mara nyingi utaona ubini wake umekatwa na ule mpya umeandikwa juu yake. Kisha agiza cheti cha kuzaliwa. Kina jina la mama na ubini aliozaliwa nao. Kwa huo unatafuta ndoa yao. Cheti cha ndoa kinakupa baba wa kila upande na kazi yake, nawe unarudi kutafuta kuzaliwa kwa bwana harusi. Ukienda hivyo, ndoa na kuzaliwa, ndoa na kuzaliwa, utafika 1 Julai 1837, siku usajili wa serikali ulipoanza.

Kuna mahali watu hukwama, na wewe ulikwama pote. Faharasa, yaani orodha ya majina ya waliosajiliwa, imepangwa kwa robo za mwaka, na robo hiyo ni ya kuandikishwa. Wazazi walikuwa na siku 42, hivyo mtoto wa Desemba unaweza kumkuta robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Kabla ya 1875, sheria ilipoanza kuwabana wazazi kwa faini, wako watoto ambao hawakuandikishwa kabisa, kwa hiyo kumkosa mtu kwenye faharasa hakukupi ruhusa ya kumchukua mwingine. Na faharasa ya zamani ilianza kuonyesha ubini wa mama mwaka 1911 tu. Tumia ile mpya ya ofisi ya usajili, ambayo inao tangu 1837. Kwa familia yenye jina la kawaida kama letu, hiyo peke yake inaondoa nusu ya makosa.

Sensa nazo. Zile zenye majina ya watu wote zinaanzia 1841, kila miaka kumi, na ya mwisho iliyofunguliwa ni ya 1921. Ya 1931 iliungua, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Wewe ulitumia ya 1841 kana kwamba ni cheti. Ile iliwapunguzia umri watu wazima hadi tano ya chini, mtu wa miaka 44 akaandikwa 40. Haisemi nani ni mtoto wa nani, wala mtu alizaliwa kijiji gani, bali tu kama alizaliwa kaunti ile au la. Ya 1851 ndiyo inayosema uhusiano na parishi ya kuzaliwa, yaani eneo la kanisa moja. Mzee akiwa hai mwaka huo, umepata kijiji chake.

Sasa tuje kwenye lile karatasi lako.

Kwenye cheti cha ndoa cha babu yake Babu mzaa baba, pale pa jina la baba wa bwana harusi kuna mstari tu. Wino, mstari mmoja. Wewe ukauziba kwa William, mtoto wa yule bwana wa mashamba, kwa sababu umri wake ulikubali. Je, ulifungua kurasa za mazishi? Daftari lile lile, miezi miwili baada ya ubatizo: William, mtoto mchanga, mwana wa wazazi hao hao, amezikwa. Umetuunganisha na mtoto aliyekufa kabla hajaota jino. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, na dawa yake ni moja tu: kila ubatizo unaoutaka, utafutie kwanza mazishi.

Na jibu lilikuwepo. Tangu 1813 ubatizo unaandikwa kwenye fomu zilizochapwa, zenye safu ya wazazi, makazi na kazi ya baba. Fungua ukurasa wa mtoto wetu, yaani yule bwana harusi alipobatizwa. Safu ya wazazi ina jina la mama tu, na kwenye safu ya kazi kasisi ameandika kwamba ni mwanamke asiye na mume. Huyo ndiye bibi yetu. Miaka michache baadaye sensa inamkuta Stradbroke, kwenye nyumba ya maskini ya muungano wa parishi za Hoxne, yeye na mwanawe.

Mama Mkubwa alipokuuliza siku ya arobaini ya Shangazi, "Mbona hapa pa mama patupu?", ulijibu, "Huyo si kitu, hakuwa na mume." Watoto wa Shangazi walikuwa wamekaa pale pale, kwenye mkeka. Unajua Shangazi aliwaleaje. Ulimwona yule mkubwa alivyoinamisha kichwa, nawe ukaendelea kuonyesha kwa kidole nyumba ya yule bwana.

Ndiyo, nililibandua. Watu walikuwa bado wanakula, najua. Ningengoja waondoke, wangeondoka na jambo la uongo, na watoto wale wangeondoka na neno lako. Nani mwingine angenyanyuka? Wewe ulisoma, una mashine, una usajili wa kulipia kila mwezi, na wazee wanakuamini. Ndiyo maana niliinuka. Na ningeinuka tena.

Isitoshe, hata kwa kazi yenyewe ulitupa dhahabu. Kibarua wa shamba asiyeanguka kwenye shida aliacha ubatizo, ndoa na mazishi, basi. Aliyeomba msaada aliacha makaratasi. Kwa sheria ya 1662 kila maskini alikuwa na parishi inayopaswa kumlisha, na parishi zilirushiana watu. Mtu alihojiwa mbele ya mahakimu: umezaliwa wapi, umefanya kazi kwa nani, kwa mwaka mzima au la. Kuajiriwa mwaka mzima kulimpa haki ya makazi, yaani parishi ile imlishe akipata shida, ndiyo sababu wako wenye mashamba walioajiri kwa wiki 51. Karatasi moja ya mahojiano hayo inaweza kukupa miaka thelathini ya maisha ya mtu ambaye hakujua kusoma. Na mwanamke mjamzito asiye na mume aliulizwa baba ni nani, kwa sababu parishi ilitaka alipe. Jina unalolitafuta, kama lipo popote, litafute humo, si kwenye mti wa bwana yule. Mtoto wetu alizaliwa kabla ya sheria ya maskini ya 1834 kubadilisha mambo hayo, kwa hiyo tuna matumaini.

Tena kumbuka serikali ya kule nayo iliwaacha akina mama nje ya cheti cha ndoa tangu 1837 mpaka 4 Mei 2021. Unataka nasi tuwaache?

Habari ya kuufikisha ukoo mpaka 1066, mwaka Wanormani walipoiteka Uingereza, iweke kando. Madaftari ya parishi yaliamriwa 1538, mengi ya mwanzo yamepotea, na kati ya 1642 na 1660 yana mapengo ya vita. Kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1723 yao ni 1724 yetu. Kumbukumbu za mabaraza ya makabaila ni za Kilatini mpaka 1733. Familia ya vibarua ukiifikisha miaka ya 1700 kwa ushahidi, umefanya kazi kubwa.

Wewe uko karibu na Ipswich, kule kule Suffolk, mimi niko Dodoma. Nenda kwenye jengo la nyaraka la kaunti, chukua kitambulisho na kitu chenye anwani yako, na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi. Waombe karatasi za wasimamizi wa maskini wa parishi ya ubatizo, kuanzia mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa. Kama hazikubaki, omba za Stradbroke na za parishi zote zinazopakana, kwa sababu aliyefukuzwa aliandikwa pande mbili. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na namba ya faili, halafu nitumie mimi kwanza, kabla hujachapa chochote.

Dada yako