Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Pesa Siku ya Mizani

Mama zangu, baba zangu na vijana wetu, assalamu alaikum, na wengine nawasalimu katika jina la Bwana. Mliotoka Jilore na Kakoneni mmeanza safari kabla ya alfajiri ili tukutane hapa Gede kwa wakati. Ahsanteni sana.

Hesabu za mwaka za chama chetu mnazo mkononi, na mweka hazina atazisoma mstari kwa mstari nikishakaa. Mimi nitasema zaidi juu ya korosho, maana ndiyo iliyotuumiza, na ndiyo iliyonifundisha kuliko mengine yote tangu mnipe kiti hiki.

Mnakumbuka tulivyoanza. Tulisema mkulima wetu habanduki kwenye umaskini kwa sababu anauza korosho na ganda lake, na faida inaliwa mbele ya safari. Tangu 2009 sheria imekataza korosho ghafi kupelekwa nje ya nchi, kwa hiyo kubangua ni lazima kufanyike humu humu. Kiwanda cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 wazee wetu walikitegemea, kikaanguka miaka ya 1990, na mikorosho mingi ikaachwa ikazeeka bila mtu wa kuipogoa. Tukaona tusingoje kiwanda kingine. Kina mama wa Ganda wakajifunza kazi: kuanika, kupika kwa mvuke, kupasua ganda bila mikono kuungua kwa mafuta yake, kukausha, kisha kumenya ile ngozi nyembamba bila kuvunja kiini. Kilo 4 au 5 za korosho ghafi hutoa kama kilo 1 ya kiini, kwa hiyo kila kiini kinachovunjika ni hasara inayoonekana kwa macho. Mimi nimeketi nao siku nzima chini ya mwembe. Mikono yao ni mikono ya mafundi, na sina neno juu ya kazi yao ila sifa.

Tulipokosea ni kwenye mizani, yaani siku korosho inapopimwa na mkulima anangoja pesa yake. Mnunuzi wetu alichelewesha malipo kwa wiki sita, na sisi kamati tukawaambia wakulima wavumilie. Wiki ya kwanza walivumilia. Ya pili shule zikafunguliwa, watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Dalali akapita na pikipiki, magunia nyuma, pesa taslimu mfukoni. Bei yake ilikuwa chini ya yetu na hakuna aliyedanganyika juu ya hilo. Watu wakamuuzia.

Kwenye kamati walikuwapo waliosema wanachama wametusaliti. Sikubali, na naomba katibu aandike kwamba mwenyekiti hakukubali. Mtu aliyemuuzia dalali alikuwa ananunua siku. Babu yangu aliweka rehani minazi yake kwa ajili ya gharama za mazishi. Minazi ilibaki shambani kwake, akiiona kila asubuhi, lakini nazi zilikuwa za aliyemkopesha, na pia tembo lililogemwa juu yake. Alikufa kabla ya kuikomboa. Wengi humu mna hadithi kama hiyo, na wengine leo mnauza maembe yakiwa bado maua. Wavuvi wa Ngomeni nao wanamjua tajiri anayetoa nyavu na mashine ya boti, kisha samaki wote lazima wapitie kwake kwa bei anayoitaja yeye. Kote huko kinachomfunga mtu ni kukosa pesa siku anayoihitaji. Biashara ya kijamii isiyoweza kulipa siku ya mizani inamwachia dalali mlango wazi, hata ikiwa na mashine nzuri namna gani.

Kwa sababu hiyo, miezi minne iliyopita tulisimamisha ununuzi wa mashine ya pili ya kupasulia. Najua kuna waliokasirika, hasa vijana walioahidiwa kuiendesha. Pesa ile tumeifanya mfuko wa mizani: korosho ikipimwa, mkulima analipwa hapo hapo kwa M-Pesa, na chama ndicho kinachomngoja mnunuzi. Mfuko hauna riba. Wanachama wengi ni Waislamu na riba hawaigusi, na hata asiyekuwa Mwislamu sijaona aliyenufaika nayo kijijini. Gharama ya kusubiri tunaikata wazi kwenye bei, na kila mtu anaiona ubaoni.

Kwa hili tuna jirani wa kujifunza kwake. Mradi wa Kipepeo ulianza hapa Gede 1993, wakati watu wengi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Wafugaji wakalea vipepeo kwenye vizimba vya neti, wakauza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya gamba lake, nazo zikasafirishwa kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Pupa haingoji, ikikawia, kipepeo anatokea kwenye sanduku. Basi tangu mwanzo walilazimika kuwa na mnunuzi kabla ya kuwa na mali. Sisi tulianza na mali, tukatafuta mnunuzi baadaye. Lakini tuutazame na mwaka 2020. Safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Machi, soko la ng'ambo lilifungika kwa pigo moja. Ndiyo maana nimemkataa mnunuzi aliyetaka korosho yetu yote peke yake, ingawa bei yake ilikuwa tamu. Sasa tunauza pia kwa maduka ya Malindi na Watamu, mifuko midogo midogo, na malipo yanaingia kila Ijumaa.

Mengine kwa ufupi. Makuti yamekwenda vizuri kabla ya msimu wa wageni. Asali ya Mida ni kidogo, nyegere, wale wanyama wala asali, wameharibu mizinga na tumeanza kuitundika kwa waya. Vikundi ambavyo havijajiandikisha upya chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 vifanye hivyo; bila cheti siwezi kuwatetea benki.

Leo naomba mambo mawili yapigiwe kura. La kwanza, mfuko wa mizani usiguswe kwa shughuli nyingine yoyote, iwe posho, iwe safari, iwe ya mwenyekiti mwenyewe. La pili, kila kijiji kichague wapimaji wawili, mmoja wao awe mwanamke, na mizani ikaguliwe mbele ya watu kabla ya msimu. Majina apewe katibu kabla hamjaondoka. Mikorosho ya Kakoneni imeshatoa maua.